Mtoto Niliyemlisha Sakafuni

Nilikuwa mwalimu wa chekechea Morogoro kwa miaka tisa, na kitu cha kwanza nilichopoteza nilipofika Texas ni watu wa kuniita Mwalimu. Nilianza kwa kukunja mashuka hotelini. Mgongo ulipokataa, nikaamua kukaa na watoto wa wenzangu nyumbani kwetu, apatimenti ya ghorofa ya pili huko Carrollton. Walikuwa wanne, wote hawajafika miaka mitatu, na mama zao wote walifanya kazi za kusimama kutwa.

Watatu walikuwa watoto wa kawaida. Walilia, waling'atana, wakalala, wakasahau. Wa nne alikuwa binti wa dada mmoja wa Kongo, mdogo kwangu kwa umri, aliyekuwa akifunga mizigo kwenye ghala. Huyu mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu na hakuwa akisema neno hata moja. Ukimwita hageuki. Ukimkalisha mezani anajikaza kama mti na kupiga kelele mpaka jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio. Chakula alikirusha. Nilikuwa nikikwangua wali ukutani kila jioni, na sitadanganya, nilikuwa nimeanza kumchukia.

Mama yake alikuwa akimleta alfajiri, amemfunika kwa koti lake mwenyewe. "Dada," alikuwa akiniambia, "wewe ni mwalimu. Weye utamuweza."

Nilipenda sana kusikia hivyo.

Kila wiki niliipa mada. Wiki ya rangi, wiki ya matunda, wiki ya magari. Halafu ikaja wiki ya wanyama wa nyumbani. Niliandaa kwa bidii kama nilivyokuwa nikiandaa zamani. Nilichonga viazi vikawa mihuri ya nyayo za paka, tukagonga rangi kwenye karatasi ndefu. Tuliwaosha mbwa wa plastiki kwenye beseni la povu. Tuligandisha pamba kwenye karatasi ya manila ikawa mikia ya sungura. Tulicheza daktari wa mifugo, tukawafunga dubu na paka wa kitambaa bandeji miguuni. Watoto walihesabu samaki wa biskuti, mmoja, wawili, watatu, kisha wakawala. Kila shughuli niliipiga picha nikawatumia mama zao, nao wakanijibu kwa alama za mioyo na mikono ya kuomba.

Siku ya Jumatano ilikuwa zamu ya mbwa. Niliweka mabakuli ya plastiki sakafuni, nikamwaga nafaka kavu za kifungua kinywa kidogo katika kila moja, nikawaambia, "Leo sisi ni mbwa. Mbwa wanakulaje?" Wale watatu walicheka, wakabweka, wakachoka baada ya dakika mbili. Yule binti akapiga magoti. Akainamisha uso kwenye bakuli la bluu, akala. Akamaliza yote. Akainua kichwa, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwangu.

Nilimwongezea. Mchana nikamwekea wali na maharage kwenye bakuli lile lile, pale pale chini. Akala punje kwa punje. Sikukwangua ukuta siku hiyo.

Wiki ya wanyama ikaisha. Wiki iliyofuata ilikuwa ya maumbo, duara na pembe tatu. Bakuli la bluu likabaki sakafuni.

Ningeishia kwenye chakula, labda leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini niligundua kwamba akiwa mbwa alisikia. Nikimwambia "Kaa," alikaa. Nikimwambia "Njoo," alikuja kwa magoti na viganja. Nilikuwa na boksi kubwa la televisheni, tulilikata mlango likawa nyumba ya mbwa. Nikimwambia "Ndani," aliingia. Mwanzoni ilikuwa dakika chache, wakati nabadilisha nepi za wenzake. Baadaye ikawa muda wote wa wenzake kulala, maana yeye halali mchana, na mimi nilitaka kunyoosha mgongo kwenye kochi. Siku moja nilifunga kile kimlango kwa selotepu. Hakulia. Nilijiambia kwamba angekuwa anaumia angelia.

Nilimfunga utepe mwekundu kiunoni, tulipokuwa tukitoka kwenda kwenye bembea, asije akakimbilia maegesho ya magari. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini tulipokuwa ndani sikuufungua. Wale wenzake waliushika wakamvuta. Walimrushia mpira akaufuata kwa magoti, akauleta mdomoni. Watoto wadogo hawahitaji kufundishwa mara mbili. Mkubwa wao akaanza kumwita Doggie, na baada ya siku tatu wote walimwita hivyo, naye akawa anageuka. Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka kwa sauti, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mwanangu mwenyewe alikuwa na miaka minane. Alikuwa akishuka kwenye basi la shule, anaingia, anasimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Mama, kwa nini yuko chini tena?"

"Ni mchezo."

"It's not a game kama ni yeye tu."

Nikamwambia aende akafanye kazi za shule na aache kunifundisha kazi yangu.

Picha niliendelea kutuma. Za yule binti nilizikata upande wa chini. Mama yake aliona uso umeshiba, mashavu yana wali, akafurahi. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito kweli. Akaniletea kitenge.

Kisha asubuhi moja mama huyu alipanda ngazi mbio, mtoto mikononi, akaanza kuongea kabla sijafungua mlango wote.

"Dada! Jana alisema! Mutoto wangu alisema!"

"Alisema nini?"

"Nilifika ku nyumba nimechoka, miguu imevimba. Akaniangalia ku macho, akasema, 'Kaa.' Weye! Akasema tena, 'Kaa.' Nikakaa. Akaweka mukono ku kichwa yangu." Alikuwa analia na kucheka. "Ameona mama yake amechoka. Mutoto wa miaka mbili!"

Nilisimama pale nimeshika kitasa. Nilijua neno lile limetoka wapi, na nilijua huo mkono kichwani ni wa nani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimpapasa mtoto wake akitii. Nikasema, "Mungu ni mwema, mdogo wangu. Nilikwambia atasema."

Akanikumbatia. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akanitaja mbele ya watu kama mtu aliyemfungua mwanawe ulimi. Watu wakapiga makofi. Nami nilisimama nikainamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu.

Hayo yaliendelea mpaka msimu wa baridi.

Siku mambo yalipoharibika kulikuwa na barafu. Si theluji, ni ile mvua inayoganda ikigusa kitu. Shule zilifungwa, kwa hiyo mwanangu alikuwa nyumbani. Mama wawili hawakuleta watoto wao. Nilikuwa na yule binti na mtoto mmoja tu mwingine. Ghala la mama yake lilitangaza asubuhi kwamba kazi ipo, kisha saa tano wakawaambia wote waondoke kabla barabara hazijafungwa. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji chumbani, sikuona ujumbe wake.

Mlango uligongwa nikiwa jikoni. Nilipaza sauti, "Usifungue!" Mwanangu alikuwa ameshafungua.

Mama yule alisimama kizingitini, barafu kwenye kofia, anatabasamu. Alikuwa ameletwa na gari la wenzake wa kazini, nalo lilikuwa limeshaondoka. Mtoto wake alikuwa sakafuni katikati ya sebule, utepe kiunoni, uso umezama kwenye bakuli la ugali na mchicha. Yule mtoto mwingine alikuwa ameshika ncha ya utepe.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Nafikiri alidhani ameingia katikati ya mchezo. Akachuchumaa, akamwita mwanawe kwa jina lake. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, kwa upole zaidi. Akaongeza sauti.

Yule mtoto mwingine, akitaka kusaidia, akasema, "Doggie!" Binti akainua kichwa.

Mama akaniangalia. "Ni nini hii?"

"Ni mchezo, mdogo wangu. Tulikuwa na mada ya wanyama. Ni njia ya kumfundisha..."

"Mada ya leo?"

Mwanangu akajibu. "No. Since Septemba."

Mama yule hakupiga kelele. Ningetamani angepiga. Alivua glavu zake, akafungua fundo la utepe, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi ilimchukua muda mrefu. Nilisogea nimsaidie. Akasema, "Usiguse." Akauliza boksi lile ni la nini. Nikasema ni nyumba ya kuchezea. Akalisogelea, akaona selotepu iliyobandikwa na kubanduliwa mara nyingi mpaka karatasi ya boksi imechunika. Akapitisha kidole pale.

"Na ile 'kaa'," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Nilianza kulia. Akasema, "Funga mudomo. Weye haulie hapa."

Kuondoka hakukuwezekana. Barabara kuu ilikuwa imefungwa, magari yamelala kando kama viatu. Hakuna dereva aliyekubali kuja, na kutembea na mtoto kwenye ngazi zile za barafu kulikuwa kujitafutia kifo. Alipiga simu zote alizoweza, kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mtoto katikati ya miguu yake. Tukabaki hivyo, yeye upande wake na mimi jikoni, kutoka saa sita mchana mpaka giza linaingia. Nilimpelekea chai. Akaiacha ikapoa pale nilipoiweka.

Mtoto alikuwa hajamaliza kula. Mama alinawa mikono, akachukua ugali, akautengeneza tonge dogo, akachovya kwenye mchicha, akampelekea mdomoni. Mtoto akageuza uso. Akambembeleza kwa lugha yao ya nyumbani, ambayo mimi siielewi. Akamwimbia. Akamkalisha kwenye kiti, mtoto akajikaza, akapiga kelele zile za zamani, akampiga mama yake usoni. Jirani wa chini akagonga. Mama akajaribu kijiko. Akajaribu sahani. Mtoto alikuwa na njaa, alikuwa akilia kwa njaa, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kwenye bakuli la bluu.

Hilo lilidumu karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa cha kufutia vyombo. Najua kilichopita kichwani mwangu na nitakisema: nilitaka ashindwe. Nilitaka aone nilivyokuwa nikiona kila siku.

Akashindwa. Akaliweka bakuli sakafuni. Mtoto akanyamaza papo hapo, akapiga magoti, akala. Mama yake alikuwa amegeukia ukuta, kofia ameivuta mpaka machoni.

Jioni kijana mmoja wa kanisani mwenye gari kubwa alikuja kuwachukua, na yule mtoto mwingine pia ampeleke kwao. Alipokuwa akitoka mama yule aliniambia jambo moja. "Nilikusifu mbele ya Mungu," akasema.

Mlango ulipofungwa nilimgeukia mwanangu. Nilimuuliza ni nani alimwambia afungue, na ni nani alimtuma aseme Septemba. Nilimwambia amevunja nyumba. Mtoto wa miaka minane. Akaenda kukaa chumbani kwake, na mimi nikaanza kukunja boksi.

Kesho yake, kabla barafu haijayeyuka, mama wote walikuwa na habari. Hakuna mtoto aliyerudi. Mtu wa serikali alikuja na karatasi, akauliza maswali kwa sauti ya chini, akapiga picha sebule yetu, nikapigwa marufuku kulea watoto wa watu. Sikupinga. Kanisa nililiacha mwenyewe kabla ya kuambiwa. Sasa nafanya kazi ya kufua kwenye nyumba ya wazee huko Plano, chumba cha chini, mimi na mashine tu.

Nilikaa mwaka na nusu kabla ya kwenda kuomba msamaha. Walikuwa wamehamia Cedar Hill. Nilipika mandazi, nikamchukua mwanangu anisindikize, nikamwacha garini.

Mama alifungua mlango kidogo, mnyororo umefungwa. Nyuma yake nilisikia sauti ya mtoto ikiongea mfululizo, Kiingereza kitupu, ikimwelekeza mtu fulani namna ya kupanga vitu. Ilinichukua muda kuelewa ni yeye.

"Anaongea," nikasema.

"Kuna mwalimu wa kusema anakuja. Mwalimu wa kweli."

"Mdogo wangu, nimekuja..."

"Anakula chini ya meza," akanikatiza. "Mezani, apana. Chini. Tunamuwekea kitambaa. Mwalimu anasema tungojee." Akaangalia mfuko wa mandazi. Hakuupokea.

Ndani mtoto akauliza, "Mama, who is it?"

"Hakuna mutu," akajibu, akafunga.

Nilishuka na mandazi yangu. Mwanangu aliniuliza amesemaje. Nilimwambia afunge mkanda.