Pikipiki Ambayo Haikuwahi Kuwepo

Mdogo wangu alipigwa teke la uso na punda wetu, asubuhi kweupe, shambani, mbele ya watu wawili: baba na mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kwa wiki nyingi nyumbani kwetu Mogitu lilikuwa halisemwi.

Tulikuwa tunapakia mahindi. Punda alishabebeshwa magunia na akawa ameamua kwamba hatoki pale. Mdogo wangu alichuchumaa nyuma yake kuokota kamba iliyoanguka. Baba, ambaye hajawahi kumsubiri mnyama wala binadamu, akamchapa punda fimbo ya shingo. Punda hakuwa na ugomvi wowote na mdogo wangu. Alirusha tu miguu, na uso ukawa hapo.

Damu sitaieleza. Taya lilivunjika sehemu mbili, mfupa wa shavu ukabonyea ndani, na meno manne tuliyaacha shambani. Kijana mmoja wa jirani mwenye bodaboda alisikia mayowe yangu akaja mbio. Tukamweka mgonjwa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kijana akaendesha mpaka hospitali ya Katesh huku shati lake likilowa mgongoni. Baba alitufuata kwa basi, na kutoka pale gari la wagonjwa likatupeleka hospitali ya rufaa, mkoa mwingine.

Baba alimwambia daktari ukweli. Tatizo lilianza simu ilipoita. Alikuwa baba mdogo, anapiga kutoka Jorodom.

"Kaka, nasikia kijana kapata ajali. Ajali ya nini?"

Baba aliutazama ukuta wa korido. "Ya pikipiki," akasema.

Alipokata simu nilimuuliza, "Baba, pikipiki gani?"

"Pikipiki watu wanaielewa," akanijibu. "Ukisema punda, watauliza punda alifanywa nini."

Ieleweke kwamba baba ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na wiki chache kabla alikuwa amesimama mbele ya usharika mzima akiongea juu ya uvumilivu. Mama alipofika hospitali nilimnong'oneza kila kitu. Alisikiliza, akatazama kitanda, akasema, "Kwanza apone. Baba yako nitamshughulikia baadaye."

Madaktari walirudisha mifupa mahali pake, kisha wakafunga taya la juu na la chini kwa waya, meno kwa meno, kwa wiki sita. Wakatuagiza tuwe na plaizi karibu muda wote, kwa sababu akitapika zile waya zikatwe haraka asije akapaliwa. Mama aliifunga plaizi kwa kamba akaivaa shingoni. Alikwenda nayo kisimani, akapikia nayo, akaimbia nayo kwaya. Jirani mmoja alidhani ni agizo la mganga, akamwambia mwinjilisti, na mwinjilisti akaja kutuuliza kwa upole kama imani yetu bado iko imara.

Basi tukarudi nyumbani, na wageni wakaanza.

Wageni wa mgonjwa kwetu hawaji mikono mitupu na hawaondoki tumbo tupu. Walikuja na maziwa, mayai, na kuku mzima asiyeweza kupita kwenye mrija. Mama akawapikia. Walikula ugali na kuku mbele ya mdogo wangu, ambaye alikuwa akivuta uji wa ulezi kwa mrija, na waliposhiba walimwambia ajitahidi kula, amekonda.

Kila mgeni alijichagulia mahali pa kutazama. Uso wa mdogo wangu ulikuwa umevimba upande mmoja na kuporomoka upande wa pili, jicho la kushoto limeshuka kidogo, na mshono ulitoka chini ya jicho hilo hadi kidevuni. Wengine walitazama kalenda ya ukutani. Wengine miguu yake. "Mbona uko vizuri tu," waliiambia kalenda. Wakishatoka nje tuliwasikia wanavyoguna.

Na mgeni haridhiki na pikipiki tupu. Anataka kujua ilitokea wapi, ilikuwa na mwendo gani, dereva alikuwa nani. Baba hakuwa mwongo mzoefu, kwa hiyo kila swali lilimlazimu kuongeza kitu. Wiki ya kwanza pikipiki ilikuwa nyekundu. Wiki ya pili dereva alikuwa amelewa. Wiki ya tatu alikimbilia Yaeda Chini, na hapo nilimvulia kofia baba, maana kwa barabara ile nani angekwenda kuhakikisha? Baba mdogo alipokuja kutusalimia alikuwa tayari ameiona pikipiki yenyewe kwa macho yake, inapita Jorodom, taa moja haiwaki.

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza yote haya. Nilikuwa nimempa daftari la shule ninapofundisha ili atuandikie mahitaji yake. Siku moja, sebule imejaa, aliandika kwa herufi kubwa NI PUNDA, akaliinua juu.

Baba akalipokea, akalisoma, akalifunga taratibu. "Dawa," aliwaeleza wageni. "Zinamchanganya kidogo."

Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Mdogo wangu akatoka nje, na siku mbili hakuandika neno. Mama alimpelekea supu aliyoichuja mara tatu, akakaa naye kwenye kigogo nyuma ya nyumba, na yule wa kunyamaza kwa waya na yule wa kunyamaza kwa hiari wakanyamaza pamoja.

Habari ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Alikuja na fomu. Aliuliza namba ya pikipiki. Baba akasema vumbi lilikuwa jingi. Mtendaji akaandika vumbi. Ukaitishwa mkutano wa hadhara kuhusu uzembe wa bodaboda, ambapo baba, kama mzazi aliyeumizwa, aliombwa aseme machache. Alisema mengi.

Baada ya mkutano ule watu walianza kutazama pikipiki, na pikipiki nyekundu iliyo karibu na kwetu ilikuwa moja tu: ya yule kijana aliyetupeleka Katesh. Mtu akakumbuka kumwona na damu mgongoni. Mtendaji akamwita. Abiria wakamkwepa.

Kijana alikuja nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba akajibu, akiitazama sakafu.

"Mzee, wewe si ulikuwepo? Si wewe uliyemshika mwanao nikapanda?"

"Nitalifikisha kwenye kikao," baba akasema.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia. Niliona mkono wake ukilikunja lile pazia mpaka likakatika kwenye msumari.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali, waya zikaondolewa. Jumapili ikaandaliwa ibada ya shukrani. Mpango ulikuwa baba aongee, mdogo wangu asimame tu kando yake aonekane. Lakini kabla baba hajafungua kinywa, mdogo wangu alichukua kipaza sauti.

Taya lililofungwa wiki sita halifunguki kwa siku moja. Midomo yake ilikuwa mizito, meno ya mbele hayapo. Akavuta pumzi.

"Ni 'unda," akasema.

Mwinjilisti akarukia. "Anasema Mungu amemuunda upya!"

"Amina!" kanisa likaitikia.

Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Si 'iki'iki. 'Unda!"

"Ameundwa!"

"Amina!"

Nilifikiri atakata tamaa. Badala yake aliweka kipaza sauti chini, akainua mikono miwili juu ya kichwa, vidole vimesimama kama masikio marefu, akavitikisa. Watoto wa benchi la mbele wakapiga kelele kwa furaha, "Punda!"

Akawanyooshea kidole kuwapongeza. Kisha akamnyooshea yule kijana wa bodaboda, aliyekaa peke yake karibu na mlango. Neno hili alilisema pole pole mpaka likasikika vizuri: "Yule alinibeba."

Halafu kicheko kikaanzia upande wa akina mama, na mama yangu, plaizi bado shingoni, ndiye alikuwa wa kwanza. Baba alikaa. Sijawahi kumwona amekaa vile, mikono katikati ya magoti.

Tuliporudi, njiani, baba alisema bila kugeuka, "Hukutaja fimbo."

"Sikutaja," mdogo wangu akajibu.

"Kwa nini?"

"Mdomo ulichoka."

Baba hakuvua hata koti la kanisani. Alikwenda moja kwa moja kwa yule kijana, kisha wakaenda wote wawili kwa mtendaji, baba akiwa abiria, amelishika koti la kijana kwa mikono yote miwili maana alikuwa hajawahi kupanda pikipiki. Alichowaambia hakutuambia. Ila mtendaji alisema fomu haifungwi bila mtuhumiwa, na nimeiona kwa macho yangu: mahali pa jina ameandika mnyama, mahali pa leseni ameandika hana.

Uso wa mdogo wangu haukurudi kama zamani. Jicho lilibaki limeshuka, shavu lina bonde, na akitabasamu upande mmoja unafika kabla ya mwingine. Sokoni Katesh watu hugeuka. Miezi ya kwanza alivaa kofia mpaka kwenye nyusi. Siku hizi anaivaa jua likiwa kali.

Kilichotusumbua zaidi ni kinywa. Daktari alitaka kifunguke vidole vitatu, nacho kilikuwa kinakubali kimoja, na mazoezi yalikuwa mara tatu kwa siku. Mdogo wangu aliyachukia kwa sababu mate yalimtoka. Mama akaamua kwamba tutayafanya wote. Basi kila baada ya chakula cha mchana tuliketi sebuleni, baba, mama, yeye na mimi, vinywa wazi, vidole ndani, baba akihesabu kwa koo kwa kuwa ulimi ulikuwa umebanwa.

Mchana mmoja kamati ya ujenzi ilipiga hodi ikaingia, mwinjilisti mbele. Walitukuta hivyo. Hakuna aliyeweza kuwakaribisha. Mwinjilisti alitutazama mmoja mmoja, akaona heri asiulize, akainamisha kichwa, akafumba macho, na kamati nzima ikafumba.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu shambani. Kicheko cha upande, chenye mate na machozi. Nilipomtazama, kidole cha pili kilikuwa kimeshaingia.