Kishati Nilichomshonea Mdogo Wangu

Utotoni mwangu pale Usoke, upande wa Tabora, enzi za Mwingereza, nilijua kushika sindano kabla sijajua kusoma. Mama alinifundisha barazani kwa vipande vya nguo kuukuu. Mshono ukienda kombo aliniambia, "Fumua, mwanangu, uanze tena," na hakuwahi kuninyang'anya kazi aimalize mwenyewe. Kanga ya kwanza niliyompindia ilikuwa na mishono iliyopindapinda kama njia ya siafu. Aliivaa hivyo hivyo kwenda misa, na waliomtazama akawaambia, "Kashona Agnesi."

Nilikuwa na miaka tisa hivi mama aliposhika mimba. Nyumbani nilikuwa mtoto peke yangu, na nilimngoja mdogo wangu kwa hamu hata nikawa namsemesha tumboni. Nikamwomba mama kitambaa nimshonee kishati. Alinitazama usoni, kisha akafungua sanduku, akachana kipande cha marekani nyeupe, akanipa.

Bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye, alinikuta nikishona.

"Cha nani hicho?"

"Cha mtoto wa mama, bibi."

Alimkazia macho mama, si mimi. "Mtoto ambaye hajazaliwa hashonewi nguo. Mnamtangazia nani kwamba anakuja?"

"Ni mchezo wa mtoto tu, mama," mama akajibu taratibu.

Bibi akaingia ndani. Nikashusha kitambaa mapajani. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Malizia."

Nikamalizia.

Mdogo wangu alizaliwa mchana mmoja, wa kiume, na hakulia. Wanawake wa jirani walimzika nyuma ya nyumba siku ile ile, nami nikakatazwa kusogea. Hakuna aliyenigombeza. Bibi alikitoa kile kishati kambani nilikokuwa nimekianika, akakikunja, akakipeleka nisikokujua. Heri angenichapa.

Sindano yangu nikaitupa chooni. Mama alipokamua maziwa yaliyomjaa akayamwaga chini, nilikimbilia nyuma ya ghala nisimwone. Ilipita kama miezi miwili hivi, kisha alasiri moja akaniita barazani.

"Agnesi, sindano yako iko wapi?"

"Nimeitupa chooni."

"Kwa nini?"

Nikaanza kulia. "Mimi ndiye niliyemuua mtoto."

Hakunikatiza. Aliningoja mpaka nikaishiwa machozi. "Kitambaa ulipewa na nani?"

"Na wewe."

"Na nani alikuambia umalizie?"

"Wewe, mama."

"Basi kama kuna kosa, ni langu. Wewe huna."

Nilitaka aniambie kwamba maneno ya bibi ni ya uongo. Hakusema hivyo. Alichomoa sindano yake mwenyewe, ya pekee aliyokuwa nayo, akaitunga uzi, akaniwekea mapajani gauni lake lililochanika kwapani. Nikajichoma mara mbili. Bibi alitoka ndani akasimama mlangoni, na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mkwewe, akasema bila kuinua macho, "Mama, mwache ashone." Bibi akarudi ndani. Mama hakubanduka ubavuni pangu mpaka nilipofunga fundo la mwisho.

Miaka mingi baadaye nilikuwa fundi cherehani Tabora mjini, nina mimba yangu ya kwanza, na mama akaja kwa treni kunitazama. Nikamuuliza nililoogopa kuuliza utotoni: je, aliuamini ule mwiko?

"Niliuogopa tangu siku niliyokupa kitambaa," akasema. "Lakini ulikuwa umefurahi mno. Nikashindwa kukukatalia."

Kumbe alasiri ile barazani naye alikuwa na hofu yake, na huenda alijilaumu kuliko mimi. Kama mwiko ule una ukweli, sijui hadi leo. Wanawake wajawazito wakiniletea kazi ya mtoto, nawaomba wasubiri kwanza wajifungue, nami huona aibu kidogo kuwaambia hivyo. Lakini jambo moja nina hakika nalo. Mama angeweza kuniachia lawama ile kwa kunyamaza tu, nami nisingeshika uzi tena maishani. Alikuwa amefiwa, mwili wenyewe haujapona, na bado hakuninyamazia.