Sura Niliyoiruka kwa Heshima ya Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na kuna hii yangu, ambayo kwa sababu yake, miaka mingi sasa, nikimwona mtu wa Bungoma anakuja upande wangu hapa Kitale najiuliza kwanza kama alikuwa sokoni siku ile. Mke wangu anasema nitaoza nayo nisipoitoa, basi naitoa, na mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nimeshachoka kuona haya.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio, nafanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja Singasinga aliyeuza betri, taa na kanda tupu. Mama mkwe wangu aliishi karibu na Matulo. Watu walimwita Mwalimu Rasoa kwa sababu alifundisha shule ya msingi hadi macho yakaanza kufifia, mwishowe yakazima kabisa, akaachishwa kazi, na tangu hapo alikuwa anakaa tu nyumbani huku wageni wakimsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Basi kikundi cha akina mama wa kanisa kikatangaza kuwa kinatafuta mwalimu wa afya wa kuzunguka vijijini, mtu atakayekijua vizuri kitabu fulani cha afya ya mama na mtoto na kujibu maswali yake mbele ya watu. Mama mkwe akasema kazi hiyo anaitaka. Wengine wakaguna, kipofu atasomaje kitabu? Yeye akamtumia neno binti yake, yaani mke wangu Nanjala: "Mwambie Baba Wekesa anisomee kwa kanda. Mimi nitashika kwa kichwa." Baba Wekesa ndiye mimi.

Sasa mnielewe hapo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawashikani mikono, akija njia hii wewe unaingia kwenye mahindi. (Nilishawahi kuchutama shambani robo saa nzima, suti mwilini, kumbe aliyekuwa anapita ni mama mwingine kabisa.) Kwa hiyo kanda niliiona baraka, ningemsomea kitabu kizima bila kumkaribia.

Sura nne za kwanza nilizisoma vizuri, maji safi, chanjo, chakula cha mtoto, hata nikaanza kujisikia mtangazaji. Halafu nikafika sura ya tano, na sura ya tano ilikuwa ya kujifungua. Nikafungua, nikaona michoro, nikafunga. Nikajaribu sentensi ya kwanza, ulimi ukagoma, kwa sababu maneno yale mtu hayasemi hata mbele ya shangazi yake, sembuse kuyatia moja kwa moja kwenye masikio ya mama aliyemzaa mke wake. Nanjala alishaniambia, "Ukikwama mahali niite, nitasoma mimi," lakini kumwita ilikuwa kukiri kwamba nimekwama, na angenicheka wiki nzima. Nikajiambia, huyu mama amezaa watoto saba, mimi nimfundishe nini? Na tena haoni, atajuaje? Nikairuka. Na ili pengo lisijulikane, sura ya sita nikaiita ya tano, ya saba nikaiita ya sita, hivyo hivyo hadi mwisho. Kanda nikazituma na usingizi nikaupata bila shida.

Siku ya maswali ilipokaribia, yule mtu wa vipaza sauti wa Bungoma mashine yake ikaungua, na kikundi kikaniomba nilete yangu. Ningekataa kwa sababu gani? Nikaenda, na kwa ajili ya heshima nikaketi na mashine nyuma ya pazia la jukwaa. Spika moja ilikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, nyingine nje ikielekea sokoni, kwa maana watu walikuwa wengi.

Mama mkwe alijibu kama maji. Aliyeuliza maswali alikuwa muuguzi mmoja, wote walimwita Sista, mtu wa haki lakini asiye na mchezo. Maswali saba, majibu saba, makofi. Kisha Sista akasema, "Mwalimu, sura ya tano. Mama amejifungulia nyumbani, kondo la nyuma limekataa kutoka na damu haikatiki. Kitabu kinasema ufanye nini?"

"Sista, sura ya tano ni ya kuhara kwa watoto."

"Hapana, hiyo ni ya sita."

"Ni ya tano. La kufanya nalijua kwa uzee wangu, lakini umeuliza kitabu, na hiki kitabu nimesikiliza mara nane. Hakina kujifungua. Hata mimi nilishangaa."

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Si tulisema? Kusoma kunataka macho, bana." Mimi nyuma ya pazia nilikuwa natoka jasho hadi soksi zimelowa.

Yeye hakukasirika. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kanda. "Iko hapa. Fundi aiweke, na wewe Sista ufuate na kitabu."

Fundi ni mimi. Nanjala akaniletea kanda nyuma ya pazia, akanitazama usoni mara moja, akajua. "Baba Wekesa, umefanya nini?" Ningependa kuwaambia kwamba niliiweka kwa ujasiri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika waya wa umeme nikifikiria kuuchomoa, niseme mashine imeharibika, na kicheko kile kibaki juu yake. Ni Nanjala aliyeutoa mkono wangu na kubonyeza mwenyewe.

Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili, nzuri, ya utulivu: "Mwisho wa sura ya nne. Sura ya tano, kuhara kwa watoto."

Sista akapekua kitabu. "Huyu msomaji ameruka kurasa kumi na nane."

"Hesabu tena," mama mkwe akasema. Sista akahesabu tena, zikawa kumi na nane. "Basi anayesoma hapo ni mkwe wangu."

Mtu akavuta pazia. Nikaonekana hivyo, nimekaa kwenye kreti la soda, vifaa vya masikioni shingoni. Mama mkwe akageuza uso upande wangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha ana kwa ana tangu nimwoe binti yake.

"Uko hapo?"

"Niko, mama."

"Uliona haya?"

"Niliona haya, mama."

"Ungesema, ningetafuta mtu mwingine. Macho yangu yalichukuliwa na ugonjwa, sina wa kuuliza. Hizi kurasa ulichukua wewe, halafu ukapanga zile zingine ndio nisijue." Akamwashiria Sista anipe kitabu. "Sasa soma."

Nikasoma. Kurasa zote kumi na nane, kwa kipaza sauti, mbele yake, mbele ya wanawake wa kanisa na wauza nyanya wote wa soko. Kila baada ya muda ananisimamisha, "Hapo pana picha? Inaonyesha nini?" na mimi naieleza picha. Mwanzoni watu waliangua vicheko hadi wengine wakatoka nje, lakini nilipofika kwenye kutokwa na damu kicheko kikaisha. Nadhani wengi mle walikuwa na dada au binti waliyemkumbuka. Nilikuwa nimeruka kitu ambacho mtu angeweza kufa kwa kutokukijua, na nilikiruka kwa kuogopa kuchekwa.

Kazi ilipewa mama mmoja wa Cheptais. Sista alisema anasikitika, lakini swali lilikuwa limeshapita. Mwalimu Rasoa akarudi nyumbani kukaa. Wazee walinitoza kondoo kwa kuvunja heshima ya ukwe, na walibishana sana kama kosa ni kusoma au kutosoma. Kondoo nilimtoa, ila hakunipunguzia uzito hata kidogo.

Kitabu nilikisoma upya chote kwenye kanda mpya, jalada, nambari za kurasa, maelezo ya kila picha, hata jina la kiwanda kilichochapisha, na niliapa kwamba nikimsomea mtu asiyeona sitaruka hata nukta. Siku hizi nasikia kuna kompyuta inayomsomea kipofu kitabu kizima, na watu wanalalamika kwamba sauti yake ni ya bati. Mimi nasema afadhali hiyo, haina mama mkwe.

Kanda mpya alizipokea, akatuma shukrani. Lakini Nanjala aliniambia kwamba mama yake alimwita jirani mmoja anayejua kusoma, akamketisha na kitabu wazi magotini, na kila ukurasa ukiisha anaisimamisha kanda na kumuuliza, "Ni hivyo?" Kitabu kizima walikipitia namna hiyo. Safari hii nilisoma kila neno, na bado aliuliza, wala siwezi kusema alikosea.