Mara yangu ya kwanza kuingia ile chain ya kahawa na donati hapa Amu, na nilichomwambia kaka yangu mle ndani

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu, sina kawaida ya kuanzisha uzi. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile vile yalivyotokea, hata pale ninapojitia aibu.

Mimi ni fundi wa friji na AC, naishi Wiyoni, hapa kisiwani Lamu. Ile chain ya kahawa na donati ambayo watu wa Nairobi huipigia foleni na kupost picha, juzijuzi imefungua tawi dogo hapa mjini. Vijana walijaa wiki nzima. Mimi nilikuwa napita nje tu, nasikia compressor yao inavyounguruma na najua kabisa imefungwa vibaya. Lakini kuingia, aa. Kahawa ya kwenye kikombe cha karatasi ya nini?

Kilichoniingiza ni mamangu.

Kwa mama tuko wawili. Kaka yangu, nimwite Athman, alikuwa mwalimu Kiunga, kule mbali mpakani na Somalia, miaka mingi. Baba alipofariki, miaka minne sasa, Athman alikuwa huko. Network ya Kiunga ilipotea tangu alfajiri, habari zikamfikia adhuhuri. Akanipigia: "Ningojeeni. Kesho asubuhi niko hapo."

Tukazika alasiri ile ile.

Alifika kesho yake, akaenda moja kwa moja makaburini, akasoma dua, akarudi Kiunga bila kukanyaga nyumba. Tangu hapo hatukusemezana. Hata alipostaafu akaja kukaa Shela, kwa mama tulikuwa tunapishana. Yeye asubuhi, mimi jioni.

Sasa mama ni mgonjwa, hali kitu ila uji. Siku moja namlisha, akanishika mkono.

"Na mimi mutanizika mara mbili?"

Nilitoka nje nikamtumia Athman message, ya kwanza kwa miaka minne. Nilimwandikia tu kwamba nataka tuonane, kwa ajili ya mama.

Akajibu: "Kwako siyi, na kwangu usiye. Kesho saa nne, pale penye donati."

Kwangu haji na kwake nisiende, hilo nililijua; donati ndiyo ilinishangaza, halafu nikaelewa. Tukikaa barazani, kila mpita njia atasimama atoe salamu na neno lake. Mle ndani hakuna mtu wa rika letu.

Nilimkuta amesimama kaunta, kanzu imepigwa pasi, anaisoma menyu ya ukutani kama anayesahihisha mtihani. Tukapeana mkono. Mkono tu.

Menyu yenyewe sasa. Latte, mocha, caramel sijui nini, na kila kitu kina size tatu. Donati zimepangwa kwenye kioo, nyingine pink kabisa, nyingine zimemwagiwa chokoleti.

Athman akauliza kwa upole, "Kahawa ya kawaida ipo? Yenye tangawizi?"

Dada wa kaunta akasema nyeusi ipo, tangawizi hakuna. Tukachukua hiyo, ndogo. (Hiyo "ndogo" ni kama vikombe kumi vyetu vya kahawa chungu.)

Kisha yule dada akauliza, hana lolote moyoni, "Mko pamoja ama kila mtu na yake?"

Nikamwachia Athman ajibu. Mimi ndiye mdogo, na swali lile sikuona kama nina haki ya kulijibu.

Athman akaiacha menyu, akanigeukia. "Tu pamoya," akasema. "Huyu ndugu yangu. Tumbo moya."

Dada akaandika majina yetu vikombeni akaendelea na kazi yake. Hakujua ameuliza nini.

Tulikaa kona ya ndani. Mimi nilichukua donati ya sukari, yeye ya chokoleti. Kwa mnaotaka kujua: ni laini kuliko mahamri, ukiibana inazama kama sponji, iliki hakuna, utamu wote uko juu. Si mbaya. Kahawa ni kali, ila kunywa kwa kile kitundu cha kifuniko kuliniunguza ulimi. Athman alikitoa kifuniko kabisa akakiweka pembeni.

Nikaona nisiposema sasa, sitasema kamwe.

"Nataka kukwambia kitu cha siku ile."

"Sema."

"Imamu aliniuliza kama kuna mtu wa kungojwa. Nilimwambia hakuna."

Wakuu, watu wote wanajua tulizika siku ile kwa sababu ya joto, na kwa sababu maiti haicheleweshwi. Hayo ni kweli. Lakini imamu aliuliza, na angengoja. Aliyekataa ni mimi.

"Kwa nini?" Sauti yake haikupanda.

"Nilimuuguza miezi minane peke yangu. Namwogesha, nambeba. Wewe ulikuwa unapiga simu. Nikaona na hili la mwisho nilimalize mwenyewe. Nilikuwa na hasira na wewe, kaka. Nisamehe."

Nilidhani atainuka aende zake. Akafuta ndevu kwa tishu, akaikunja ile tishu, akaikunja tena.

"Ulimshusha kaburini wewe?"

"Mimi na mjomba."

"Shavu lake ulilielekeza kibla?"

"Kwa mkono wangu huu. Nilifungua sanda usoni, nikaliweka juu ya mchanga."

Akalia pale pale, mtu mzima, na muziki wa vijana unapiga. Sikumgusa. Nilimsogezea tishu nyingine.

"Miaka minne najiuliza hilo," akasema. "Sikuwa na wa kumuuliza."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea. Sijasahau. Lakini nimekusikia." Akasimama. "Inuka, twende kwa mama."

Tulipiga hodi wawili. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Mumekuya pamoya?"

"Naam, mama."

Hakuuliza tumezungumza nini. Akasema, "Basi niketisheni." Athman akashika upande ule, mimi upande huu, tukamketisha.

Sitawadanganya kwamba tumekuwa kama zamani. Kwangu bado hajaingia. Ila kwa mama sasa tunakwenda wakati mmoja, wote wawili.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani kaka yangu ana hasira ya kutongojwa, basi. Kumbe alikuwa na swali dogo, jibu lake ninalo mimi, na nimelikalia miaka minne.

Wale mliokosa maziko ya mzazi, mlipofika mlitaka kujua nini kwanza? Na mliozika, mlimwambia nini aliyechelewa? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.