Kofia Nyekundu za Gulioni

Niacheni nimalize kwanza, ndipo mcheke. Mke wangu, Mama Zuhura, aliteremka bondeni kuteka maji, akaniachia binti yetu wa miaka mitatu. Nikaenda naye gulioni. Mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, na baridi ya Newala mnaijua, nikamnunulia kofia nyekundu ya sufu inayofunika mpaka masikio. Nusu ya watoto pale gulioni walikuwa nazo.

Nikamweka chini nijaribu koti. Nilipomaliza nikaiona kofia nyekundu pembeni yangu, nikainyanyua pamoja na mwenyewe, nikampandisha mabegani, tukaondoka.

Njiani nikaita, "Zuhura!" Kimya. Mtoto anayeongea hata usingizini! Nikampa andazi, akasema ahsante. Mwanangu mimi, ahsante? Nikadhani ni kofia imemtia adabu. Tena alikuwa mzito ajabu, nikailaumu njia.

Nyumbani mke wangu alitua ndoo, akatazama juu ya kichwa changu.

"Baba Zuhura, huyu nani?"

"Si mtoto wako!"

"Shikamoo, mama," akasema huyo mtoto.

Nikamshusha, nikamvua kofia. Kavulana ka watu, kananitazama kwa huruma, mdomo umejaa andazi langu.

Mara barabarani akapita mwanamume mmoja, naye kabeba mtoto wa kofia nyekundu mabegani. Akanipungia mkono, baba kwa baba, akaendelea na safari yake.

Huko juu, Zuhura naye akatupungia.