Siku Mama Mwansa Alipomlilia Baba Akiwa Hai

Nakumbuka asubuhi moja pale Kampemba, mtaa wetu katika mji wa shaba, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye nguvu za kubeba gunia na moyo wa kuku. Ilikuwa ile miaka migodi inafunga, noti zinajaza kikapu na mkate haununuliki. Baba yangu, aliyechimba shaba tangu ujana wake, alirudishwa nyumbani bila malipo. Alichobaki nacho ni parsele, yaani kiwanja chetu, na nyumba ya vyumba vinne, na aliapa hatauza.

Kaka yangu Ilunga alikuwa amepata mnunuzi. Mara tatu alimbembeleza baba, mara tatu akafukuzwa. Basi akaniita nyuma ya nyumba, akanionyesha kipakiti cha sumu ya panya.

"Muzee iko mugonjwa-mugonjwa, hakuna mutu atauliza," akasema. "Tukisha kuuza, tunagawa, miye na weye."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilijiambia kwamba mdogo hamkemei mkubwa wake. Adabu gani hiyo! Ulikuwa woga uliovaa suti ya Jumapili. Siku mbili nilikula na baba nikimtazama kila tonge.

Siku ya tatu, asubuhi hiyo ninayokuambia, akaja jirani yetu Mama Mwansa kuomba chumvi. Ukoo wake na wetu ni watani, na kwetu mtani ndiye anayekuzikia maiti wako, tena ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana mbele za watu usikasirike. Akaniangalia usoni.

"We kijana, sura yako iko ya matanga. Nani alikufa?"

Alikuwa anatania tu. Mimi nikaangua kilio, nikamwambia yote.

Hakunishauri neno. Alivua viatu, akafungua kitambaa cha kichwa, akajitupa katikati ya uwanja na kumlilia baba kwa jina lake, kama watani wanavyolilia maiti. Majirani wakaanza kuingia. Baba akatoka na fimbo.

"Mwansa, unamulilia nani?"

"Ni weye, baba! Batoto bako bamekuzika mu roho, weye mwenyewe haujajua!"

Mwingine angesema hayo angepigwa. Ilunga, aliyekuwa mlangoni, alipiga magoti, akatoa kile kipakiti mfukoni, akakiweka miguuni pa baba. Mama Mwansa akakichukua na kwenda kukitupa chooni. Nilidhani baba atamlaani, lakini aliiweka fimbo chini. Kisha akauliza, "Ni nini ilikufikisha hapa?"

"Mutoto wangu, baba. Iko na homa tangu mwezi muzima. Sina dawa, na nilisikia haya kukuambia."

Mjukuu wake alikuwa anaugua mtaa wa pili tu, na babu hajui! Ilunga aliomba nyumba iuzwe, lakini sababu aliifungia moyoni mpaka ikaoza.

Wiki hiyo hiyo baba alimpangisha mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu vyumba viwili vya mbele, aweke magunia yake, naye akalipa kodi ya miezi mitatu kabla. Pesa ile ikanunua dawa, mtoto akapona. Vyumba vile vilikuwepo siku zote, mwanangu. Hatukuwahi kukaa pamoja tukavitazama.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mchana ule ule wa kilio. Baba alimwambia Ilunga, "Enda, unipikie bukari." Ilunga akausonga ule ugali machozi yakidondoka. Baba akanawa, akakata tonge, akala mbele yetu sote mpaka akamaliza. Siku ile nililia kuliko siku aliyokufa, miaka mingi baadaye, kwa uzee wake, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Ilunga.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na umaskini nao ni maradhi. Ukikosa, sema umekosa, tena useme unakosa nini na kwa ajili ya nani. Na ukisikia neno la kuua nyumbani kwenu, usilimeze ukaliita heshima. Kama kinywa chako ni kizito kama changu, tafuta mwenye kinywa: mtani, shangazi, padri, hata jirani mlevi, alitoe nje watu walisikie. Mzazi hafi kwa kukosewa adabu.

Haya, nenda na baraka zangu. Mungu akupe riziki ya kukutosha, na itakapopungua, maana itapungua, akupe ulimi wa kusema na watu wa kukusikia.