Matuta Yasiyo na Nyasi

Katika kigango chetu, nusu siku kwa miguu kutoka misheni ya Matai, mwanamke alikuwa na mahali pamoja tu pa kusikika kanisani: mkeka wa mbele, upande wa kushoto, karibu na meza ya katekista. Padri alifika kwa nadra, hasa wakati wa mvua. Jumapili nyingine zote katekista Eustaki alisoma Injili, akafunga kitabu, akauliza, "Neno tumelisikia. Wiki hii tutalifanyia nini?" Wanaume walijibu kwanza, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokuwa wamesinzia. Ndipo Eustaki alipougeukia upande wa wanawake na kuruhusu jibu moja. Kwa miaka mingi jibu hilo lilikuwa la shangazi yangu Josefina.

Hakujua kusoma. Alilichukua neno kwa sikio, akaenda nalo nyumbani, akalirudia akitwanga na akipalilia mpaka likapata kazi ya kufanya. Injili iliposema juu ya kumpokea mgeni, alimpokea mchuuzi Mwislamu wa Sumbawanga aliyekwama mvuani na punda wake, akamwachia jiko na chungu kipya ajipikie mwenyewe, asije akalishwa kilichokatazwa kwake. Jumapili iliyofuata alisimulia alichofanya, akaketi. Wanawake wakampa jina: Mama Jibu.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea kwenye boma la Sumbawanga, na vijana wa kwetu Ufipa walikuwa wakienda Tanga kukata mkonge. Kasimiri, mdogo wake Josefina, alikuwa mmoja wao. Kabla ya kuondoka alioa msichana wa Wampembe, kule ziwani, aitwaye Marsiana. Kasimiri ndiye baba yangu, na Marsiana ndiye mama yangu. Kwa hiyo haya niliyasikia kwa vinywa viwili, na vilitofautiana mahali pachache mno.

Marsiana alikuwa amefundishwa kusoma na masista. Macho ya Eustaki yalikuwa yameanza kufifia, na Jumapili moja, alipokwama katikati ya mstari, bibi harusi aliumalizia kutoka kule nyuma alikoketi. Eustaki alicheka, akamwita mbele. Tangu siku hiyo Marsiana ndiye aliyesoma. Na kwa kuwa alisoma vizuri, aliulizwa pia maana yake. Na kwa kuwa alieleza vizuri, lile jibu moja la wanawake likawa lake.

 Josefina alisogea kidogo kwenye mkeka ili kumpa nafasi, na kusogea kule kulimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Aliichukia sauti ile laini ya watu wa ziwani. Alichukia jinsi wazee walivyoinamisha vichwa kumsikiliza mtu aliyefika jana. Usiku alijiambia kwamba anamwombea wifi yake. Kumbe alikuwa akimshtaki.

"Mama Jibu," Agnesi, jirani yake, alimtania kisimani mbele ya wenzao, "mbona siku hizi umekuwa Mama Kimya?"

"Nampisha msomi," Josefina akajibu.

"Msomi, na kwa jembe pia hajambo! Umeyaona matuta yake kule bondeni? Ya mviringo kama chungu kilichofinyangwa. Yako yanaonekana kama fuko kapita."

Wanawake walicheka. Josefina naye alicheka, tena kwa raha ambayo hawakuielewa, kwa maana alikuwa anajua jambo wasilolijua.

Mfipa halimi kwa kupiga jembe popote. Mvua zinapokolea, nyasi zikiwa ndefu, hulazwa chini na kufukiwa kwa udongo uliopinduliwa, yakafanywa matuta ya mviringo tuyaitayo ntumba. Nyasi huoza ndani kwa msimu mzima, maharage yakikua juu. Mwaka unaofuata matuta hubomolewa, udongo mweusi ukatawanywa, na hapo ndipo ulezi hupandwa. Kumfundisha bibi harusi mgeni kazi hiyo ni wajibu wa wifi yake. Kule ziwani watu walilima mihogo, na Marsiana alikuwa amezoea kusafisha shamba kwanza. Aling'oa nyasi zote, akazitupa korongoni, kisha akarundika udongo mtupu na kuulainisha mpaka ukapendeza.

Josefina alimwona tangu siku ya kwanza. Mashamba yao yalipakana. Alisimama nyuma ya kichaka, jembe begani, akamtazama akiburuta nyasi kuelekea korongoni, akarudi zake. Wengine walipita njia ya juu, wakaona uzuri wa nje, wakasifu. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba mwakani, mwenye jina zuri kanisani angevuna ulezi wa kujaza kibuyu kimoja tu, bila unga na bila pombe ya kuwaitia watu kazini, na kwamba kijiji kizima kingesema, "Kusoma anajua, kulima hajui."

Ikafika Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima. Marsiana alisoma habari ya mwenye shamba aliyeajiri watu asubuhi, wengine mchana, wengine jua likizama, akawalipa wote sawasawa. Na waliotangulia waliponung'unika, aliwauliza kama macho yao yanaumia kwa sababu yeye ni mwema. Eustaki akauliza swali lake. Marsiana akasimama.

"Mimi ndimi niliyefika jioni," alisema. "Ninyi mama zangu mmelima tangu asubuhi. Nawashukuru kwamba hamkuninyima mahali."

Mama aliniapia kwamba alishukuru kwa moyo wote. Shangazi aliniapia kwamba alisikia mkuki.

Neno lile halikumwacha Josefina. Alijaribu kulipatia kazi nyingine, kama mtu anayempeleka mgeni kwa jirani. Alimgawia Agnesi maharage; halikutosheka. Alifagia kanisa, likamngoja mlangoni. Kila alipotwanga lilirudi, na kila liliporudi lilimwonyesha zile nyasi korongoni. Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, alichukua jembe akashuka bondeni.

Alilipasua tuta la kwanza katikati, akateremka korongoni, akapanda na mzigo wa nyasi zilizoanza kuoza, akazijaza ndani na kulifunika upya. Alikuwa amelipasua la nne, matope yamemfika magotini, aliposikia sauti kutoka njia ya juu.

"Wifi! Unabomoa matuta yangu?"

Marsiana alikuwa amesimama na jembe lake, khanga imelowa umande.

"Nayatengeneza," Josefina alisema.

"Kwa kuyapasua? Yamekukosea nini? Kama ni kile kitabu, si ungesema! Ningemrudishia mwalimu Eustaki siku ileile."

"Njoo utazame ndani."

"Sitazami kitu. Namwita jumbe."

"Mwite. Lakini kwanza tazama."

Marsiana alishuka kwa hasira, akaona nyasi. Josefina akamweleza yote, nyasi kuoza, ulezi wa mwakani, akimwonyesha kwa mikono. Marsiana alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulijua tangu lini?"

Hapo uongo ulikuwa rahisi. Kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba jana ndipo alipopita. Shangazi alinusa harufu ya nyasi zilizooza mikononi mwake.

"Tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilisimama pale kwenye kichaka nikakutazama. Nilitaka ukose."

 Marsiana aliteremka korongoni, akapandisha mzigo wa nyasi, akautupa miguuni pa wifi yake kwa nguvu iliyomrushia matope usoni. Walifanya kazi mpaka adhuhuri.

Jumapili iliyofuata Injili ilikuwa ya mpanzi, mbegu na udongo wa namna nyingi. Josefina aliketi mahali pake. Marsiana, aliyeshika kitabu, alijua kila kitu, na kanisa lilikuwa limejaa. Eustaki akauliza swali lake. Marsiana alifunga kitabu.

"Leo sina jibu," alisema. "Mambo ya udongo anayajua wifi yangu."

Ulikuwa wema mtupu, na Josefina aliuonea wivu wema ule kuliko alivyowahi kuionea ile sauti. Hata huruma, alijiambia, huyu mtoto amenitangulia! Alisimama.

"Kuna udongo mzuri kwa nje, ndani hauna kitu," alisema. "Matuta ya Marsiana yalikuwa hivyo kwa sababu hakufundishwa. Mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha, nikanyamaza makusudi. Basi udongo mtupu ulikuwa wangu. Wiki hii nimeanza kutia nyasi. Bado sijamaliza."

Akaketi. 

Eustaki, Mungu amrehemu, alilitumia jambo hilo miaka mingi kuhubiri juu ya wivu wa wanawake. Nimeyasikia mahubiri hayo nikiwa mtoto, na hasira yangu sijaimaliza mpaka leo. Wanaume kumi na zaidi walijibu kila Jumapili bila kuoneana wivu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jibu ni moja. Wanawake waligawiwa kiti kimoja, kisha watu wakashangaa walipokigombania. Sisemi shangazi hakutenda dhambi, mwenyewe aliitaja. Nasema aliyekigawa kile kiti hakuwahi kuitaja ya kwake.

Lakini Jumapili ile ile, Josefina alipoketi, Marsiana alisogea kwenye mkeka kumpa nafasi. Agnesi naye akasimama kutoka nyuma, bila kuruhusiwa, akasema, "Na mimi nina jibu." Eustaki alifumbua mdomo, akatazama mkeka wote uliokuwa ukimtazama, akaufumba. Tangu hapo wanawake walijibu wote waliotaka.

Mwaka uliofuata ulezi wa bondeni uliiva. Wa Marsiana, uliotiwa nyasi zilizotangulia kuoza, ulisimama kiunoni, masuke yamefumbata kama ngumi. Wa Josefina ulikuwa mzuri tu. Shangazi alisimama mpakani muda mrefu, mikono kiunoni.

"Wifi!" aliita.

"Abee!"

"Umenizidi tena."

"Na roho inauma?"

"Inauma sana," shangazi alisema, akachomoa kisu chake cha kuvunia, akavuka mpaka na kuanza kumvunia.